Kompresa Iliyoishiwa Pumzi

Kila alfajiri, kabla redio ya jirani haijaanza kelele zake, binti mmoja wa darasa la sita alikuwa uani akikanyaga pampu ya mguu. Fyu, fyu, fyu. Nyumbani na shuleni walimwita Tarumbeta, kwa sababu ndiyo aliyokuwa akiipiga katika bendi ya shule. Mjomba wake alikuwa na sababu nyingine: alisema mtoto huyo hata asipokuwa na chombo mdomoni, anasikika mpaka mtaa wa pili.

Kazi yake ya alfajiri ilikuwa kujaza upepo tairi la nyuma la pikipiki ya mama. Mama alifunga makreti matupu nyuma ya kiti, akavaa koti lake, kisha akalibonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Bado laini," alisema, kama alivyosema karibu kila siku.

Tarumbeta akakanyaga tena mpaka paja likawaka moto. Mama alichukua mikate kwenye bekari na kuisambaza madukani, na tairi lile lililochakaa halikuwa na huruma na ratiba ya mtu.

Wiki hiyo mwenye bekari alimwita mama akampa habari njema. Kuanzia Jumatatu angepeleka pia mikate ya hospitali. Lakini wagonjwa hunywa chai mapema, na barabara ya kwenda hospitali ilikuwa ikitengenezwa, imejaa kokoto na misumari. Pancha zingekuwa nyingi, tena saa ambayo gereji zote zimefungwa. Mwenye bekari alisema wazi kwamba akichelewa wiki ya kwanza, kazi atapewa mwingine.

"Basi nitafungua gereji yangu hapa hapa uani," mama alisema. "Kuziba pancha najua. Ninachokosa ni upepo wa uhakika na nguvu ya kufungua nati. Tarumbeta, nenda kwa fundi umuulize kompresa ya kununua inachaguliwaje. Sikiliza vizuri, maana wewe ndiye utakuwa macho yangu dukani."

Kompresa ni mashine inayosukuma upepo na kuuhifadhi kwenye tangi lake, ili ujaze matairi au uendeshe spana ya upepo bila kutoka jasho. Fundi wa pikipiki aliyekuwa ng'ambo ya barabara alizijua vizuri sana. Tatizo lake lilikuwa moja. Watu walimwita Fundi Taratibu, kwa sababu ukimuuliza kuhusu plagi, alianzia siku pikipiki ilipotengenezwa.

"Kuchagua kompresa kuna mambo mawili," alimwambia Tarumbeta, akifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine. "La kwanza ni upepo uliohifadhiwa. Tangi ndilo linalouhifadhi, na nguvu yake unaisoma kwenye geji, hii saa yenye mshale. Sasa, la pili, ambalo watu wengi hulisahau..."

Kutoka shuleni zikasikika ngoma za bendi. Mazoezi yalikuwa yameanza, na Tarumbeta hakutaka nafasi yake ya mbele ikaliwe na mwingine.

"Nimeelewa, fundi. Asante sana," alisema, akatoka mbio.

Jioni mama alimuuliza, "Amekueleza yote?"

"Yote, mama."

Uongo huo ulikuwa mfupi, ukatoka kwa urahisi, na Tarumbeta akala chakula chake bila wasiwasi.

Jumamosi asubuhi walikwenda dukani watatu, pamoja na mjomba, ndugu yake mama. Mjomba aliwahi kuosha pikipiki kwenye gereji, na tangu hapo alijihesabu kuwa fundi. Macho yake yalitua kwenye kompresa nyekundu yenye tangi kubwa, kisha kwenye spana ya upepo nene kama paja la mtu.

"Hii hufungua magurudumu ya malori," alisema kwa heshima.

Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani kichwani, aliuliza, "Kazi yenyewe ni ya gari gani?"

"Leo pikipiki," mjomba akajibu. "Kesho nani ajuaye?"

Mama akamgeukia bintiye. Tarumbeta aliitazama geji, mshale uko juu. Tangi nalo lilikuwa kubwa. "Nguvu ipo na tangi lipo, mama," alisema, akijisikia mtu mzima kabisa. Mjomba akabonyeza spana mara moja, trrr, nati ya majaribio ikaruka. Wote wakaridhika. Mwenye duka aliwaambia tu kwamba vikiwa havina mchubuko, wanaweza kuvibadilisha siku hiyo hiyo kabla hajafunga.

Uani, majirani walikuwa wameshaegemea ukuta kutazama. Mama alikuwa amenunua tairi jipya kuchukua nafasi ya lile lililochakaa. Mjomba alikunja mikono ya shati, akaweka spana kwenye nati ya gurudumu la nyuma iliyoshika kutu. Trrr, ikaanza kwa kishindo. Kisha sauti ikalegea, ikawa kama mtu anayesinzia, na mshale wa geji ukaporomoka. Nati haikutikisika. Wakasubiri tangi lijae, kwa muda mrefu, mashine ikiguna. Walipojaribu tena, mambo yakawa yale yale.

"Inapasha misuli joto," mjomba alisema, jasho likimtiririka.

"Ipeni maji, imechoka," jirani mmoja akadakia, na ukuta mzima ukacheka.

Mama hakucheka. Aliketi kwenye kizingiti, mikono magotini, akiitazama pikipiki yake iliyoegemezwa kwenye tofali. "Kesho nitamwambia mwenye bekari ampe mtu mwingine hospitali," alisema kwa sauti ya chini.

Tarumbeta angeweza kunyamaza, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimlaumu. Lakini aliuona uso wa mama, akaona aibu kali kuliko kicheko cha majirani wote.

"Mama," alisema, "fundi hakumaliza kunieleza. Nilimkatiza nikakimbilia bendi. Halafu nikakudanganya."

Mama aliinuka kizingitini. Mjomba alijifanya anakagua mpira wa upepo.

"Viatu vyako viko wapi?" mama aliuliza.

"Ndani."

"Vaa. Twende ukasikilize yaliyobaki."

Fundi Taratibu alikuwa amelala chini ya pikipiki. Tarumbeta alimwamkia, akaomba radhi. Fundi akatoka polepole, akachukua kitambaa chake.

"Nilikuwa nimefika kwenye la pili," alisema, kana kwamba binti alikuwa ametoka kunywa maji tu. "Wewe unapiga tarumbeta. Ukitaka sauti ndefu, unatumia pumzi ya wapi?"

"Ya tumboni. Ukitegemea ya mashavuni inakatika mara moja."

"Haya. Tangi ni mashavu. Mashine inayosukuma upepo ndiyo mapafu. Ile yenu ina mashavu makubwa na mapafu ya kuku. Kila kifaa cha upepo kimeandikwa kinakula upepo kiasi gani kwa dakika, na kila kompresa imeandikwa inatoa kiasi gani. Inayotoa lazima ishinde inayokula. Spana yenu ni ya lori, inakula vya watu wanne."

Safari hii Tarumbeta hakubanduka, hata ngoma ziliposikika. Alisikia kwamba kwa pikipiki moja ya nyumbani panatosha spana ndogo, kifaa cha kujazia tairi chenye geji yake, na mdomo wa kupulizia vumbi kwenye mnyororo. Alisikia kwamba nati hufunguliwa kwa upepo lakini mwisho hukazwa kwa mkono, la sivyo inakatika. Alisikia habari za miwani ya kukinga macho, za kutoelekeza upepo kwenye mwili wa mtu, na za kumwaga maji yanayojikusanya ndani ya tangi. Mwishowe fundi akawapa kopo la mafuta ya kulegeza kutu. "Ipakeni nati sasa hivi, inywe mafuta wakati nyinyi mko dukani."

Mwenye duka alivikagua vifaa walivyorudisha, akakuta havina hata alama ya kucha. Mjomba hakuwa amepona tamaa yake ya vitu vikubwa. Alishaanza kuizunguka kompresa ya bluu yenye tangi kubwa zaidi.

"Mjomba, subiri kidogo tuisikilize mpaka mwisho," Tarumbeta alisema. Akasoma kibati kilichokuwa ubavuni mwa kila mashine, akachagua spana ndogo, akamuomba mwenye duka ruhusa ya kubonyeza bila kuachia.

Ile ya bluu ilianza kwa ngurumo, kisha ikalegea kama ndugu yake nyekundu. Tarumbeta akasogea kwenye kompresa ya kijivu iliyokuwa kona, fupi na isiyo na mvuto.

"Hii ina sura ya ndoo," mjomba alinong'ona.

Tarumbeta akabonyeza, akafumba macho kama afanyavyo kwenye bendi. Sauti ilishuka kidogo, halafu ikatulia pale pale. Ikaendelea bila kukatika. Wateja wengine wakaacha mazungumzo yao wakamtazama. Mshale nao ulishuka kidogo ukatulia, wala haukushuka tena.

"Hii ina mapafu," alisema.

Mwenye duka alishusha miwani machoni. "Wengi hujaribu mara moja wakaondoka," alimwambia mama. "Huyu umemfundisha vizuri."

"Bado tunaendelea," mama akajibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Ile kompresa ndogo na spana ndogo zilimbakizia mama pesa za kuchukua kifaa cha kujazia, mdomo wa kupulizia na miwani ya kazi.

Majirani walikuwa bado pale ukutani. Mama mwenyewe alivaa miwani, akashika spana. Trrrrr. Sauti ikashuka kidogo, ikatulia pale pale. Nati ikashikilia, ikashikilia, kisha ikalia kak, ikazunguka kama kizibo cha chupa. Ukuta mzima ukapiga makofi, na yule aliyetaka mashine ipewe maji ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi. Furaha ilimpanda Tarumbeta mpaka machozi yakamlenga. Waliweka lile tairi jipya, wakalijaza mpaka mshale ulipofika pale unapotakiwa, mama akakaza nati kwa mkono. Mjomba akashika mdomo wa kupulizia, akataka kutoa vumbi kwenye shati alilovaa.

"Si mwilini, mjomba," Tarumbeta alisema.

"Huyu mtoto sasa ni gereji nzima," mjomba alilalamika, lakini aliuweka chini.

Jumatatu alfajiri tairi la nyuma lilikutwa limelala, na msumari ndani yake, zawadi ya safari ya majaribio ya Jumapili. Mama hakukunja hata uso. Alifungua, akaziba, akajaza, na mikate ikafika hospitali kabla chai haijachemka. Haikuchelewa siku yoyote wiki ile, na Ijumaa mwenye bekari alitangaza kwamba kazi ya hospitali ni ya mama moja kwa moja.

Jioni hiyo mama na Tarumbeta walikuwa uani wakimwaga maji ya tangi.

"Ile nyekundu ilianza vizuri kuliko hii," mama alisema. "Ilishindwa kumaliza. Nawe ulianza vizuri kwa fundi ukaacha katikati. Ukitumwa kusikiliza, sikiliza mpaka mwisho. Na ukiwa hujasikia mwisho, sema hujasikia. Ungeninyima ule ukweli wa Jumamosi, leo mtu mwingine angekuwa anapeleka ile mikate."

"Nimeelewa, mama," Tarumbeta alisema, kisha akajirekebisha. "Kama umemaliza."

Mama akacheka. Hapo hapo Fundi Taratibu akachungulia langoni, amekuja kuchukua kopo lake la mafuta. Aliitazama kompresa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ila kwa kweli," alisema, "mambo si mawili. Yako matatu."

Kutoka shuleni ngoma za bendi zilianza kulia. Tarumbeta aliingia ndani, akatoka na kigoda, akakiweka mbele ya fundi, akakaa.