Pancha ya Rhotia

Tairi la nyuma lilipasuka saa tatu na dakika kumi asubuhi, Rhotia, mita arobaini kutoka dukani kwa mama yake.

Rahel Qamara hakulaani. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaipeleka Land Cruiser pembeni taratibu, akazima injini. Barabara yote ile, kuanzia Makuyuni mpaka Karatu, na tairi limechagua kufia hapa.

"Nini?" aliuliza abiria wa mbele.

"Pancha, bosi. Dakika kumi tu."

Abiria alijiita Pike. Alikuwa na pasipoti tatu, bastola ndogo aina ya Glock 26 chini ya koti, na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha madiwani wengi. Alikuwa ameshuka kwenye ndege uwanja mdogo wa Manyara nusu saa iliyopita. Kwake yeye, mwanamke aliyeshika usukani aliitwa Stumai, dereva wa watalii, mwenyeji wa Singida. Kiti cha nyuma alikaa Aloyce, mtu wake wa kazi chafu, akitafuna karanga.

Amri ya Ofisi, waajiri wa kweli wa Rahel, ilikuwa fupi. Mwache aishike. Kisha mkamate.

Cha kushikwa kilikuwa betri, kubwa kama matofali mawili. Kwa miaka tisa chuo kikuu kimoja cha kusini mwa India na kingine cha kaskazini mwa Uingereza vilikuwa vikihangaika nayo pamoja: betri inayotokana na chumvi, hii hii ya mezani, isiyozimwa na baridi. Dokta Nalini Raghavan aliileta Nainokanoka, kule juu ambako asubuhi nyingine majani huamka na sakitu, umande ulioganda, akaifunga kwenye friji ya chanjo ya zahanati. Ikafanya kazi. Jumatatu vyuo viwili vingeisajili, kisha zahanati yoyote duniani ingeruhusiwa kutengeneza ya kwake bila kumwomba mtu.

Leo ilikuwa Ijumaa, na alfajiri mtu alikuwa ameichomoa nyuma ya friji akatoweka nayo. Ikivuka mpaka kupitia Soitsambu, waliomtuma Pike wataisajili wao kwanza.

Rahel alishuka na jeki.

Mwaka huu alikuwa amepita hapa mara arobaini na moja, vioo juu, kofia chini. Mama yake alijua yuko Mtwara, bandarini, kazi ya makontena. Miaka sita hawajaonana. Kazi hii ina mshahara, ina bima, ina hadi daktari wa meno. Haina mama, na siku ya kuapa hakuna aliyemwambia.

Alikuwa anakaza nati ya tatu ya tairi la akiba aliposikia kandambili.

"Rahel?"

Mikono ikasimama.

"Rahel mwanangu, ni wewe?"

Pike alitoa sigara mdomoni.

Rahel aliinuka polepole. Mama Elizabeti alikuwa amepungua. Kikombe cha kupimia maharage kilikuwa bado mkononi, amesahau kukiacha dukani.

"Umenifananisha, mama," Rahel alisema kwa lafudhi ya Singida. "Mimi naitwa Stumai."

Hakusema shikamoo. Alijijua. Neno lile lingetoka na machozi.

Mama akamtazama usoni, akaitazama mikono, akaitazama spana. Kisha akamtazama mzungu na sigara yake, na Aloyce na karanga zake.

"Haya," alisema. "Macho yangu siku hizi."

Akageuka akarudi dukani na hakuangalia nyuma. Rahel aliikaza nati mpaka mwisho, kisha akaikaza tena.

"Aloyce," Pike alisema. "Baki. Kanywe soda pale kwa mama. Simu yako iwe wazi."

Aloyce aliruka chini, akakung'uta maganda, akavuka barabara.

Sasa Rahel alijua hali ilivyo. Pike angeweza kupiga simu moja, na mama yake angeulizwa swali moja. Akijibu vibaya, watakufa wawili, mmoja Rhotia na mwingine mlimani.

Karatu ikapita. Kwenye lango la hifadhi, Loduare, askari walifungua mizigo ya kila gari wakiitafuta betri. Hawakukuta kitu, maana hakikuwemo. Msitu ukafunga, ukungu ukashuka, na kreta yote ilikuwa imefunikwa kama sufuria.

"Una watoto, Stumai?" Pike aliuliza.

"Sina, bosi."

"Mume?"

"Sina."

"Jumapili unakula na nani?"

Hakuwa na jibu la uongo tayari, basi akatoa la kweli. "Peke yangu."

Pike akatikisa kichwa, akawasha sigara nyingine.

Walipita zahanati ya Nainokanoka saa sita kasoro. Mlangoni alisimama Dokta Nalini, sweta juu ya sari, boksi la chanjo limekumbatiwa kifuani kana kwamba joto la mwili wake lingesaidia. Rahel hakupunguza mwendo.

"Mbele," Pike alisema. "Nitakwambia wapi."

Hapo ndipo palikuwa na shida. Ofisi haikujua wapi, wala nani amebeba, wala kwa chombo gani. Watu wake wanne walijificha na gari nyuma ya boma bovu, wakisubiri neno la Rahel redioni.

Kilomita mbili mbele kinamama watano wa Kimasai walikuwa wakirudi kutoka dukani na punda wao, magunia ya mahindi mgongoni. Walikuwa wameshika midomo kwa vicheko. Rahel akasimama, akashusha kioo.

"Yeyo, takwenya," alisema. Takwenya ni salamu, na yeyo ni mama kwa Kimasai. Neno hilo la mama lilimtoka bila taabu, na alijichukia kidogo.

"Iko," aliitika wa mbele, Nosim, mke wa mlinzi wa zahanati.

"Mnacheka nini?"

Nosim akaelekeza fimbo. "Yule mwanaume anaswaga punda ana mzigo. Mke wake amekufa? Na kama amekufa, hana hata shemeji?"

Wakacheka upya.

Rahel alitazama. Mita mia tatu mbele, mwanaume mwenye shuka jipya, mikunjo ya dukani bado imo, alikuwa akisukumana na punda mmoja mwenye magunia mawili. Nchi hii punda ni wa mwanamke. Ni mwanamke anayemfunga mzigo na kumswaga. Mwanaume mzima hatembei peke yake na punda aliyepakiwa, labda awe amerogwa. Pike alikuwa amewaza vizuri kwamba punda hakaguliwi getini. Miaka kumi na moja Afrika Mashariki, na nani humswaga punda hakuwahi kumuuliza mtu.

Rahel alichukua redio.

"Masharubu yuko barabarani," alisema. "Kilomita mbili baada ya zahanati. Anatembea."

"Simba?" Pike aliuliza. Alijua kwamba madereva hawamtaji simba redioni kwa jina, mgeni asije akapata tamaa bure.

"Simba, bosi. Ukitaka tutamtafuta baadaye."

"Simama pale kwa punda," Pike alisema.

Mwenye shuka alifungua gunia bila kusalimu mtu. Ndani ya mahindi kulikuwa na sanduku jeusi la plastiki. Pike alilipeleka kwenye boneti, akafungua kufuli, akatazama, akaridhika.

Kisha akageuka, na Glock ilikuwa mkononi.

"Mama hamfananishi mtoto wake, Stumai."

Beretta ya Rahel ilikuwa chini ya kiti cha dereva. Mbali sana. Nyuma ya kiuno, ndani ya mkanda, kulikuwa na spana ya magurudumu. Hakuirudisha mahali pake tangu Rhotia.

Pike alitoa simu ya setilaiti, Iridium, akabonyeza, akaweka spika.

"Aloyce. Muulize."

Kwa mbali ilisikika kwaya ya redio ya dukani. Kisha sauti ya Aloyce, "Mama, yule dereva wa asubuhi. Ni mwanao?"

Kwaya ikaimba ubeti mzima.

"Yule?" Sauti ya mama ilikuwa kavu. "Wangu yuko Mtwara. Yule wenu hana adabu. Nimesimama mbele yake, mtu mzima, shikamoo hakuna. Wangu angenisalimia kwanza. Nimemlea mimi."

Rahel aliipokea yote akiwa amesimama wima. Hakujua kama mama anamwokoa au anasema la moyoni. Vyote viwili viliumiza sawa.

Pike alicheka chini chini. Shikamoo aliijua vizuri.

"Kweli hukumsalimia," alisema. Akarudisha bastola kotini. "Samahani. Ni kazi."

"Hamna shida, bosi."

Aliinama kulifunga sanduku kwa mikono miwili. Spana ilishuka juu ya kifundo cha mkono wa kulia. Mfupa ulilia. Ya pili ilimlaza kwenye bampa, na Glock ikawa ya Rahel.

Mwenye shuka alikimbia hatua kumi, akakutana na watu wanne wakitoka ukunguni.

Rahel akashika redio. "Rhotia?"

"Tumemchukua," Ofisi ilijibu. "Wetu waliokufuata kwa nyuma walimwona akibaki. Alikuwa hajamaliza soda. Mzigo?"

"Ninao."

"Mama hajaguswa. Ndege yako saa kumi, Manyara. Wenzake Pike bado wako nje, kwa hiyo ubaki Stumai. Rhotia upite tu."

"Nimesikia."

Dokta Nalini aliirudisha betri mwenyewe. Friji ikaanza kunguruma. Alikaa sakafuni akalia, akampigia mwenzake wa Uingereza, akamshukuru kila askari kwa kumshika mkono. Dereva aliyesimama mlangoni hakumshukuru, alimwomba tu amletee maji ya kunywa.

Rahel akamletea.

Saa tisa na robo alifika Rhotia. Alilipita duka mita kumi. Kisha akasimama.

Dukani kulikuwa na bodaboda wawili wakibishana mpira. Alivua kofia.

"Shikamoo, mama."

Mama Elizabeti alikuwa anachambua maharage. Vidole vikasimama juu ya ungo. 

"Marahaba, mwanangu."

Kila mama wa Rhotia humwita mteja mwanangu. Wale bodaboda hawakugeuka.

"Naomba nusu kilo."

Mama akapima. Akajaza mpaka yakamwagika, akaongeza mengine. Alipompa mfuko hakuuachia mara moja, na mikono yao ikakaa pale pamoja.

"Umekonda," alisema kwa sauti ya chini. "Uyapike vizuri."

"Nitayapika, mama."

Rahel alivaa kofia, akavuka barabara bila haraka, akawasha injini. Maharage aliyaweka kiti cha mbele. Hakuwa na jiko popote.