Nyanya Germaine na Matete ya Ziwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chancelvie alimtolea nyanya yake kiti uani, akakigeuza upande wa ziwa. Ziwa lenyewe halikuonekana. Matete yalisimama ukingoni kama malori ya mpakani Kasumbalesa, hakuna linalosogea.

"Unaona nini, nkambo?"

"Naona majani. Miye niko mbuzi?"

Nyanya Germaine alizaliwa Kilwa, kando ya Ziwa Mweru. Tangu miguu imlemee na mwanawe Ruben amlete Lubumbashi, kando ya ziwa hili dogo la mjini, alisikia maji bila kuyaona. Chakula alikigusagusa tu, kisha akaisukuma sahani.

Jumamosi ikawa salongo, siku ya mtaa mzima kufagia na kufyeka. Chancelvie akashika panga. Siku ya salongo nani huomba ruhusa ya kukata majani? Akafyeka ukingo wote wa kiwanja chao. Maji yakatokea. Nyanya akayatazama mpaka giza likaingia.

Kesho yake mvua ikanyesha, udongo mwekundu ukaporomoka ziwani. Jumatatu akaja Mama Martine, mkaguzi wa komini, ofisi ya manispaa.

"Nani alikata matete? Ukingo hauguswi bila ruhusa, hata kama kiwanja ni chenu!"

Ruben hakuwapo siku ya salongo. "Labda ni bantu ya salongo, mama," alisema.

Hapo palifunguka njia ya kutorokea, pana kabisa. Chancelvie aliitazama kidogo.

"Hapana, papa. Ni miye. Nkambo anatamani kuona mayi."

Mama Martine akamtazama mzee kitini, kisha akamgeukia Chancelvie, sauti ikapoa. "Salongo ni ya mifereji na barabara, mwanangu. Matete inashika udongo, na samaki inazalia mule."

"Ile ni kweli," akadakia nyanya. "Kwetu Kilwa, ukimaliza matete, utakula bukari na chumvi, ugali bila samaki."

Wakapanda mizizi upya, wakaomba ruhusa komini, wakangoja. Matete yakachipua, maji yakajificha tena. Chancelvie aliendelea kukitoa kiti, moyo ukimuuma.

Ruhusa ilipokuja, ilikuwa ya uwazi mmoja tu, upana wa mlango. Ruben akaukata. Nyanya akaketi mbele ya uwazi huo, akatazama muda mrefu.

"Ni kadogo," alisema. "Mweru ingekameza na isishibe." Akapangusa macho. "Lakini leo nitakula."

Kisha akamvuta mjukuu wake karibu.

"Sikiya, Chancelvie. Ulinipa ziwa lote kwa panga, mvua ikatunyang'anya udongo. Haka kadogo hakuna mutu atakuja kutufungia. Kitu cha bote kinaombwa kwanza, hata kama unakitafuta kwa mapendo. Na ukikosea, sema, kama ulivyosema."