Fahali Mwekundu Aliyetengwa

Lori lilikuwa likishusha ng'ombe, vumbi limetanda, kila mtu anafoka. Mpimaji wa maabara alirudi nyuma bila kuangalia, mgongo ukagota kwenye kifua cha mtu.

"Pole, dada. Ukichoka kuegemea, utaniambia."

Alikuwa mnunuzi wa ng'ombe wa kampuni, shati la bluu amelikunja hadi viwikoni. Mpimaji alijivuta ndani ya ovaroli lake pana, uso unamwaka, akaendelea kukata vipande vidogo vya masikio ya ng'ombe wageni na kuvitia kwenye vichupa. Alikuwa akimsaka ng'ombe aliyezaliwa na virusi. Wa namna hiyo haponi maishani, na huwaambukiza wenzake zizi zima.

Mnunuzi akaomba namba yake, na jioni simu zikaanza.

"Umenikumbuka, mpenzi?"

"Nilikuwa na masikio ya lori zima. Nikukumbuke saa ngapi?"

Mapenzi yakakolea. Kisha lori jingine likaleta fahali mwekundu, manyoya yanang'aa, ambaye mnunuzi alimsifia kwa kila aliyepita. Kipimo kikasema ana virusi. Mpimaji akarudia, jibu lile lile. Akampelekea meneja jibu hilo, na fahali akatengwa siku hiyohiyo.

"Umenifanya kichekesho," mnunuzi alisema kwenye simu. "Yule ana afya kuliko mimi."

"Wengine huonekana wazima kabisa, mpenzi."

"Sema sampuli zilichanganyika. Nifanyie hilo tu."

Mpimaji alitaka kusema ndiyo. Alimpenda kiasi hicho.

"Hazikuchanganyika."

Simu ikakatika, wala haikulia tena wiki nzima. Mpimaji alilia chooni, akanawa, akarudi kwenye vichupa vyake.

Mnunuzi, kwa ubishi, alikuwa amesafiri hadi kwa muuzaji wa fahali ili athibitishe kwamba mpimaji amekosea. Huko akakuta ng'ombe kadhaa wametupa mimba, dalili ya virusi hivyo. Daktari wa mifugo akampima mama wa yule fahali: naye alikuwa na virusi, na mama wa hivyo hazai ndama mzima.

Alirudi asubuhi, akamkuta mpimaji kwenye geti la kushushia, akasimama mbele ya meneja na madereva wote.

"Huyu ameokoa zizi hili," alisema, "nami nikamkatia simu. Jamani, mjue kwamba nampenda, na najivunia kushindwa naye." Akamgeukia. "Utakubali kuolewa na mbishi?"

Madereva wakasogea kusikiliza.

"Nitakubali," alijibu, sauti imenyooka. "Ila usinishushie ng'ombe hata mmoja kabla sijampima."