Swali Moja la Mwanasaumu Kisimani

Hili mkilisikia mtasema natia chumvi, na wallahi sitii hata punje! Msichana wa darasa la sita, pale Likoni, aliwahi kupata jibu lililowashinda watu wazima. Akawa nalo mdomoni kabisa. Halafu akalimeza mwenyewe, huku watu wanampigia makofi.

Jina lake Mwanasaumu, na mwaka ni ule wa themanini na nane. Kila asubuhi kabla ya shule alijitwika ndoo mpaka kisimani kwa Bi Mahfoudha. Mifereji ya mtaani siku hizo ilikuwa ikifunguliwa inakohoa hewa tu, lakini kisima kile kilikuwa na maji matamu, baridi. Kilikuwa kisima cha wakfu: marehemu mume wa Bi Mahfoudha alikitoa kwa ajili ya Mungu, kila mtu ateke bila kulipa. Bi Mahfoudha mwenyewe alikaa barazani akikilinda kwa macho.

"Shikamoo, Bi Mahfoudha!"

"Marahaba, mwanangu. Ndoo yako umeiosha? Hebu nionyeshe chini. Chini, si juu!"

Hapo kisimani Mwanasaumu alikutana na wasichana wawili wa darasani kwake. Wa kwanza Dhahabu, shoga yake wa tangu chuoni, walipokuwa wakisomeshwa Kurani juu ya mkeka mmoja. Dhahabu alikuwa mtulivu, na akisema jambo hakuna aliyemuuliza mara ya pili. Wa pili Jumwa, aliyetoka Kaloleni kuja kukaa na shangazi yake, Kadzo, ili asome. Jumwa alipenda porojo jamani! Leo nyangumi kalala Shelly Beach, wazungu wanampanda mgongoni. Kesho rubani wa ndege kafungua dirisha, kampungia mkono. Watoto walimwita Jumwa Redio.

"Redio, taarifa ya habari leo?"

"Leo mitambo imeharibika," Jumwa hujibu, na yeye ndiye wa kwanza kucheka.

Basi siku moja Mwalimu Gershom, wa hesabu, akaingia darasani akachora njia panda ubaoni. Njia moja inakwenda kwenye feri, nyingine inaishia kwenye shimo la mawe. Hapo kati wamesimama ndugu wawili. Mmoja husema kweli daima, mwingine husema uongo daima, wala hujui yupi ni yupi.

"Una swali moja tu, kwa ndugu mmoja tu," akasema mwalimu. "Utauliza nini ufike kwenye feri?"

 Mwanafunzi mmoja akasema atawachapa wote wawili mpaka waseme. Watu wakacheka. Mwanasaumu akainua mkono polepole.

"Nitamuuliza yeyote: nikimuuliza ndugu yako njia ya feri, atanionyesha ipi? Halafu nitashika ile nyingine."

"Kwa nini ile nyingine?"

"Kwa sababu mkweli atanieleza uongo wa ndugu yake, na mwongo atanigeuzia ukweli wa ndugu yake. Vyovyote iwavyo nitaonyeshwa njia mbaya. Sina haja hata ya kujua nani mwongo."

Mwalimu Gershom alitua chaki, akapiga makofi peke yake, kisha darasa likafuata. Tangu siku hiyo Mwanasaumu akaitwa Hakimu. Kalamu ikipotea, Hakimu! Watoto wakigombana, Hakimu! Habari zikafika mpaka kwa Bi Mahfoudha barazani.

Haikupita wiki, ikafika Alhamisi moja jioni. Bi Mahfoudha akavuta ndoo, akainusa, akaitupa.

"Ole wangu! Mafuta ya taa!"

Watu wakakimbilia. Juu ya maji palielea utando wenye rangi rangi, na harufu imejaa shimo zima. Na kesho yake ni Ijumaa! Nani ateke, nani apike, nani atawadhe?

Mchana ule Bi Mahfoudha alikuwa amejilaza ndani, na walioonekana kisimani ni wawili tu. Dhahabu na Jumwa walikuwa wametumwa dukani, kila mmoja na dumu lake la mafuta ya taa, na wakati wa kurudi wakapita kunywa maji. Wakaitwa wote wawili.

"Si mimi," akasema Dhahabu, macho chini.

"Si mimi, haki ya Mungu," akasema Jumwa. "Mimi nilikunywa nikaondoka, nikamwacha yeye."

"Redio hiyo!" mtu akapiga kelele nyuma, na kicheko kikapita.

Bi Mahfoudha alikuwa amechoka na amechukizwa. Akatazama huku na huku, akamwona Mwanasaumu.

"Si wewe ndiye hakimu wa shule? Haya, tuamulie."

Kina mama wakasogea. Mwanasaumu aliona fahari ikimpanda mpaka masikioni. Akasimama mbele ya Jumwa, akauliza kama alivyouliza darasani.

"Jumwa, nikimuuliza Dhahabu ni nani aliyemwaga mafuta, atasema nani?"

"Atasema mimi," Jumwa akajibu.

Na hapo ndipo penyewe. Kwa kanuni ya lile fumbo, jibu linageuzwa. Ukiambiwa Jumwa, basi ni Dhahabu. Mwanasaumu aliligeuza kichwani mwake mara moja, akainua macho, akakutana na macho ya shoga yake. Yalikuwa yamejaa machozi, yanamwomba. Na uso wa Dhahabu ukamwambia kuwa fumbo halikukosea.

Lakini watu wanangoja. Kila mtu anajua nani mkweli na nani mpiga porojo.

"Ni Jumwa," akasema.

Makofi! "Mtoto ana akili huyu!" Jumwa hakulia wala hakubisha. Alimtazama Mwanasaumu tu, kama mtu aliyefungiwa mlango wa nyumba aliyokuwa akiingia bila hodi.

Shangazi Kadzo aliona aibu isiyo kifani. "Nitateka maji hapa kwa uso gani?" akasema. Jumapili Jumwa akarudishwa Kaloleni na nguo zake kwenye mfuko. Shule ikaishia hapo.

Wanaume wakakikausha kisima, wakateka na kumwaga, wakasugua kuta, wakatia chokaa. Huku nyuma watu wakanunua maji ya mkokoteni. Mwanasaumu naye alikwenda shule akitazama dawati lenye nafasi ya Jumwa. Walipomwita Hakimu alijifanya hasikii. Dhahabu alimletea visheti, akavipokea, akawagawia wengine bila kuonja. 

Kisima kilipofunguliwa tena, kina mama walijaa na ndoo zao, maneno tele. Mama yake Dhahabu, Bi Mwanatabu, alikuwa akisimulia hasara zake.

"Shoga, siku ile ilikuwa na nuksi! Na huyu Dhahabu wangu siku hiyo hiyo kanimwagia mafuta yangu yote njiani. Dumu limerudi tupu, nimelala gizani!"

Wakacheka wote. Hakuna aliyeshtuka. Mtoto mkweli kasema njiani, basi ni njiani.

Mwanasaumu alikuwa ameshika kamba. Akaiachia, ndoo ikaporomoka kisimani kwa kishindo.

"We mtoto, vipi?" Bi Mahfoudha akafoka.

"Hayakumwagika njiani," akasema. "Yalimwagika humu. Na mimi nilijua, Bi. Jibu nililipata siku ile ile. Nikasema Jumwa kwa sababu Dhahabu ni shoga yangu."

 Dhahabu akajifunika uso kwa mtandio. "Dumu liliniteleza ukingoni," akalia. "Niliogopa. Nilidhani Jumwa atakaripiwa tu, kisha yaishe."

Bi Mahfoudha hakumpiga mtu, hakumtukana mtu. Kesho yake alivaa buibui lake, akawachukua wasichana wote wawili, na Bi Mwanatabu, na Shangazi Kadzo, wakavuka feri wakaenda Kaloleni. Mbele ya bibi yake Jumwa, Bi Mahfoudha, mzee yule wa Kiswahili, aliomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe. Jumwa akarudi Likoni nao, na Jumatatu akaingia darasani.

Lakini jioni ya siku hiyo, barazani, alimvuta Mwanasaumu kando.

"Nataka kujua kitu kimoja. Nilipokujibu, ulijua?"

"Nilijua."

"Dhahabu alikuwa anaogopa kupigwa. Wewe ulikuwa unaogopa nini?"

Mwanasaumu, mwenye jibu la kila fumbo, akabaki akichezea ncha ya mtandio. Jumwa akainua ndoo yake, akaondoka taratibu.

Bi Mahfoudha alikuwa amesikia. Akamkalisha karibu.

"Kosa la kwanza ni langu," akasema. "Nilikupa mtoto kazi ya watu wazima, hata sikwenda kutazama madumu. Lakini sikia, mwanangu. Wale ndugu wa fumbo wanakaa ubaoni. Huku kwetu mkweli huogopa siku moja akadanganya, na mpenda porojo akasema kweli tupu. Ndiyo maana kila neno hupimwa lenyewe, si kwa jina la msemaji. Na ukishaijua kweli, huna ruhusa kuipa shoga yako kama zawadi. Si yako."

"Atanisamehe, Bi?"

"Huenda. Hilo si la kuuliza mara moja. Nenda kamsaidie ndoo."

Mwanasaumu akakimbia akamfikia njiani, akanyoosha mkono. Jumwa alisita, akamwachia upande mmoja wa kishikio, wakaenda hivyo, maji yanawachuruzikia miguuni.

Sasa niambie wewe unayesoma, na usiniambie haraka haraka: watu wamekuzunguka, wanangoja, na shoga yako anakutazama kwa machozi. Ungelitaja jina la nani?