Hodi Nyuma ya Mlango wa Kale

Fundi seremala, jirani yetu, alikuwa mtu wa mzaha, na siku ile aliamka na mzaha wake kama kawaida. Alikuwa amepewa kazi kwenye nyumba ya shamba inayohifadhiwa kule nyuma ya mtaa: kuta nene za udongo, boriti nyeusi kwa moshi, paa la nyasi. Wenyewe walishakwisha. Mlango wake ulikuwa ubao mmoja wa mti mmoja, usio na bawaba, unaozunguka juu ya vigingi vyake wenyewe. Kigingi cha chini kilikuwa kimeliwa na mchwa.

"Utengenezee hapa hapa," mlinzi alimwambia. "Mlango huu haujawahi kutoka."

"Hapa hakuna umeme, mzee. Nirande kwa meno?"

Akaupakia kwenye mkokoteni. Ulikuwa mzito, ukamtoa jasho hadi nyumbani. Akauegemeza kwenye ukuta wa uani.

Jua lilikuwa la utosi. Mkewe alikuwa chumbani akimlaza binti yao. Mama mkwe alikaa barazani, akichambua mchele. Fundi akazima mashine ya randa.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke. Ya taratibu, kama ya mtu aliyechoka na safari.

"Karibu, mwanangu, pita," mama mkwe akajibu, macho yakiwa kwenye ungo.

Fundi akageuka. Geti lilikuwa na komeo. Na sauti haikutoka getini. Ilitoka ukutani, nyuma ya ule mlango.

"Mama," akanong'ona. "Umemkaribisha nani?"

"Si huyo mgeni? Kapita hapa. Nguo yake imenigusa."

Akakimbilia chumbani. Mkewe kapitiwa na usingizi. Mtoto kalala, anapumua vizuri. Hakuna mtu. Lakini chumba kilinuka moshi wa kuni, na wao walipikia gesi.

Alipomweleza mama mkwe, yule mama aliweka ungo chini polepole.

"Mgeni husindikizwa," alisema.

Wakaupakia mlango tena. Mama mkwe akatembea kando ya mkokoteni njia nzima, akibembeleza hewa: "Twende, dada. Twende kwenu." Fundi alisukuma. Hakutazama pembeni. Safari hii mkokoteni ulikuwa mwepesi. Mwepesi mno.

Mlinzi hakuwalaumu. Alisaidia kuusimamisha mlango, akaufunga, kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mmerudi wote?"

"Wote," akajibu mama mkwe.

Waliporudi nyumbani, mke alikuwa barazani na mtoto mapajani.

"Mama, umemsuka vizuri kweli. Mbona umeishia njiani?"

"Mimi? Na vidole hivi vilivyokakamaa?"

Fundi akasogea. Kichwa cha binti yake kilikuwa kimesukwa upande wa kushoto, mistari myembamba, mtindo ambao hata mama mkwe aliujua kwa kusimuliwa tu.

Upande wa kulia haukuwa umesukwa. Ulikuwa umechanwa, umegawanywa, umepakwa mafuta. Mafuta yenyewe hayajakauka.