Treni ya Sindano

Fundi alikuwa amefungasha kila kitu isipokuwa treni. Masanduku yalikuwa mlangoni. Alasiri binti yake angekuja kumchukua akaishi kwake, na nyumba ingepangishwa. Alikubali shingo upande. Ila alisema hatoki mpaka treni itembee, na waliouzoea ubishi wake walijua hatanii.

Ilikuwa treni ya kuchezea, kuukuu, kichwa na behewa moja tu. Reli zake zilianzia kwenye meza ya kutengenezea redio, zikapenya tundu la ukutani hadi chumba cha pili, alikokuwa akishonea mkewe. Macho ya mama yule yalipofifia, akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Basi anaweka sindano na uzi ndani ya behewa, treni inakuja; fundi anatunga, anairudisha. Majirani waliwacheka, watu wazima na midoli. Wenyewe hawakujali, waliendelea na treni yao kutwa nzima.

Mke alipofariki, treni nayo ikagoma. Cherehani ilichukuliwa na mdogo wa marehemu, chumba kikabaki kitupu, kikatiwa kufuli. Fundi akabaki na redio zake. Upweke ulimla hadi akafika mahali pa kuacha bomba likidondosha maji, apate cha kusikiliza.

Siku hiyo ya kuhama alianza na umeme. Akagusisha balbu ndogo kwenye reli, ikawaka. Akafuta magurudumu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kikatoka cheusi tititi. Treni kimya. Akafungua kichwa kwa bisibisi, akakuta kaboni za mota, zile za kupitishia umeme, zimelika na springi zimelegea. Akachonga nyingine kutoka kwenye mota ya feni mbovu, akazivuta springi, akafunga.

"Haya, mama watoto," alinong'ona. "Mara ya mwisho."

Treni ikatikisika, ikaondoka, ikaingia tunduni. Fundi akatabasamu, machozi yakimlengalenga. Akaisikia ikigonga kizuizi kule mwisho. Ndipo akakumbuka. Treni ile haikuwa na uwezo wa kurudi yenyewe. Ubavuni ilikuwa na kijiti cha chuma, na lazima mtu akisukume kwa kidole ndipo igeuze mwendo.

Akainuka kutafuta ufunguo wa kile chumba.

Kule ndani kijiti kikasikika: tik.

Treni ikarudi. Kinyumenyume, polepole. Behewani mlikuwa na sindano na uzi mweupe. Ncha ya uzi ilikuwa imelowa na kusokotwa, kama ya mtu aliyeilamba, akajaribu kutunga, akashindwa.

Angeweza kukimbia, mlango ulikuwa wazi na jua linawaka nje. Lakini tangu mazishi hakuna aliyewahi kumwomba kitu. Akatunga uzi. Akageuza treni, akaituma.

Akakaa kitini kusubiri. Kimya. Joto la mchana likamlemea, usingizi ukamchukua.

Aliamshwa na honi ya gari. Binti akaingia, akashika sanduku la kwanza.

"Baba, twende."

Fundi akajaribu kusimama. Kitu kikamrudisha chini. Akajaribu tena. Kiti kikainuka naye.

Binti akaenda kuchutama nyuma ya kiti.

Shati la baba yake lilikuwa limeshonwa kwenye kitambaa cha kiti, pindo lote la nyuma. Mishono midogo, imebanana, imelalia kushoto. Mama yake alikuwa akishona kwa mkono wa kushoto. Mishono hiyo hiyo aliivaa kwenye kila sare yake ya shule.

"Baba," alinong'ona, "nani amekushona hapa?"

Binti akachukua mkasi mezani. Baba yake akamshika mkono. Hakuwa na hofu hata chembe, na hilo lilimtisha binti kuliko mishono yenyewe.

"Mwache," alisema taratibu. "Hajamaliza."

Binti akatazama tena. Mshono ulikuwa umefika ubavuni, ukaishia hapo, karibu na mkono wake ulioshika mkasi. Sindano ilikuwa imesimama hewani, uzi umekazwa, ikisubiri mkono huo uondoke.