Bibi Alisema Tuje Verano

"Shangazi!! Unafanya nini?!"

Hakugeuka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la sauna, kile chumba chetu cha kuoga mvuke, mlango wa jiko wazi, na ndani ya ule moto niliona jalada la bluu linajikunja...

Pasipoti yangu!

Niliichomoa kwa kipande cha kuni. Nilikuwa nimechelewa. Pale palipokuwa na sura yangu palibaki tundu jeusi.

"Umechanganyikiwa?! Nasafiri Januari!"

"Ndiyo maana," akasema Shangazi Aili. Ana miaka sabini na nne, lakini sauti ilikuwa kavu kabisa. "Ile nchi ilishamla baba yako. Wewe haikuli."

Jamani, huyu ndiye mwanamke aliyenilea tangu nina miaka tisa. Kila asubuhi ya baridi alinifunga skafu mwenyewe. Leo anachoma pasipoti yangu mchana kweupe!

Kaeni vizuri niwasimulie.

Naitwa Ileana Niemi. Naishi Duluth, Minnesota, na naendesha gari la kusukuma theluji. Huku kwetu ikifika Desemba kila mtu anapanga kukimbilia kwenye jua. Kazini watu wanaonyeshana picha za fukwe utadhani picha za wachumba. Kwa hiyo niliposema naenda Costa Rica hakuna aliyeshtuka.

"Hatimaye Ileana anaenda kuota jua!" Duane, mwenzangu wa zamu, akanitania. "Ukikuta kazi ya kusukuma mchanga, usisahau kurudi!"

Nikacheka naye. Sikumwambia kwamba jua halikuwa shida yangu.

Nilikuwa naenda kumtazama usoni bibi aliyemuua baba yangu...

Mama yangu alitoka huko, rasi ya Osa. Baba alimpata hapa hapa Duluth, akiwa anafanya kazi hotelini. Nilipokuwa na miaka mitano, baridi ya Februari ikampa mama nimonia, akafa. Mama yake mzazi, bibi Eduviges, hakuwahi kutoka kijijini kwao maisha yake yote.

Nilipofikisha miaka tisa, ikaja barua. Bibi anataka kumwona mjukuu wake wa pekee.

Baba hakujua Kihispania hata cha kuombea maji. Lakini Shangazi Aili alikuwa mwalimu wa Kihispania, sekondari, miaka na miaka. Akatusomea pale mezani.

"Anasema, njooni verano. Verano mto unakuwa mkavu, gari linavuka bila shida."

"Verano ndiyo lini?" baba akauliza.

"Msimu wa joto, Reino. Hata watoto wangu wa mwaka wa kwanza wanalijua hilo."

Kwetu joto ni mwezi wa saba. Tukaenda mwezi wa saba.

Mvua ilitupokea uwanja wa ndege na haikutuacha. Siku ya pili tukafika mtoni. Maji yalikuwa ya kahawia, lakini hayakuonekana marefu. Ng'ambo alisimama mwanaume anapunga kofia kwa nguvu zote.

"Ona, Ile, wanatuita!" baba akasema kwa furaha.

Hakuwa anatuita.

Tulikuwa katikati niliposikia mngurumo kutoka juu, milimani. Nikageuza kichwa. Maji yalikuja kama ukuta, na magogo ndani yake...

Baba alinisukuma nje kupitia dirishani. Sikumwona tena.

Yule mwenye kofia ndiye aliyenivuta kwa nywele.

Shangazi alinifuata hospitalini siku ya tatu. Jioni ile, nje ya mlango, kikasimama kibibi kidogo chenye nguo nyeusi. Kinalia. Kinapiga kelele neno moja tu.

"Invierno! Invierno!!"

Shangazi akawa mweupe kama shuka. Kibibi kikarudia. Shangazi akafunga pazia.

"Anasemaje, shangazi?"

Akalivuta tena lile pazia, ingawa lilikuwa limeshafungwa.

"Anasema baridi. Kwamba baridi yetu ilimuua binti yake," akanijibu bila kunitazama. "Alimwita baba yako mtoni makusudi, mwanangu. Amelipiza kisasi."

Miaka ishirini na nne nimelala na lile neno kichwani! Naota linaitwa kutoka ng'ambo ya maji, na kila nikiamka nimelowa jasho.

Na shangazi, mwalimu mzima wa Kihispania, hakunifundisha hata salamu. "Lugha ya mkosi ile," alikuwa anasema. Mimi nikaona ni sawa tu. Nilikuwa mjinga, semeni.

Sasa turudi kwenye pasipoti.

Nilienda ofisi ya pasipoti Minneapolis, nikalia dirishani kwao, wakanipa nyingine ya dharura. Shangazi sikumwambia kitu. Nikampigia Wilberth, dereva wa Osa anayejua Kiingereza, niliyempata mtandaoni.

"Nataka univushe mto mpaka kijijini," nikamwambia. "Nakuja msimu wa baridi."

"Invierno?!" akashtuka. "Hapana, dada! Invierno hata mimi sivuki. Una haraka gani ya kufa?"

Lile neno... Neno la ndotoni kwangu!

"Lakini... mimi nakuja Januari."

Akaangua kicheko. "Ah! Ungesema! Januari ni verano, dada yangu. Kukavu, hata kuku anavuka bila kulowa mbawa. Huku kwetu invierno ni mvua. Mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja."

"Na... mwezi wa saba?"

Kicheko kikakatika.

"Mwezi wa saba mto ule unabeba lori. Kwa nini unauliza?"

Simu ikanidondoka kwenye theluji.

Mnaelewa jamani?! Bibi hakutuita kufa. Alituita Januari! Na pale hospitalini hakuwa anatusimanga. Alikuwa anauliza. Kwa nini mmekuja invierno? Kwa nini??

Nilimkuta shangazi jikoni anajimiminia kahawa.

"Shangazi. Kwa bibi yangu, verano ni mwezi gani?"

Aliendelea kumimina mpaka kahawa ikafurika mezani, ikachuruzika sakafuni.

"Ulijua lini?" nikapaza sauti.

"Pale hospitalini," akanong'ona. "Aliporudia mara ya pili."

"Ukanyamaza?!"

"Nilifundisha lile neno maisha yangu yote, Ileana! Kitabu kinasema Juni, Julai, Agosti. Sikuuliza. Nilimuua kaka yangu kwa neno la watoto wa mwaka wa kwanza!"

"Na bibi yangu ukamgeuza muuaji!"

"Ningekwambia ukweli ungenichukia," akasema. "Nami nilikuwa nimebaki na wewe tu."

Nilimchukia dakika ile. Sitawadanganya, nilimchukia mpaka meno yakaniuma.

Akashuka chini ghalani, polepole, ngazi moja moja. Akarudi na sanduku la baba, lile alilobebea vifaa vya kuvulia samaki kwenye barafu. Akalifungua.

Bahasha. Ishirini na nne, moja ya kila mwaka. Zote na stempu za Costa Rica.

Zote zimefungwa!

"Hukuzifungua?!"

"Niliogopa. Najua kilichomo. Ananilaani."

"Kaa chini. Fungua ya kwanza usome," nikamwambia. "Na safari hii usikosee hata neno."

Akapasua bahasha. Akavaa miwani.

"Haikuandikwa kwako," akasema. "Imeandikwa kwangu..."

"Soma!"

"'Aili. Mimi sikusoma, naandikiwa na mwalimu wa hapa. Ameniambia kwamba kwenu verano ni mwezi wa saba. Mimi sikujua. Na wewe hukujua. Sikulaumu, dada. Tumempoteza Reino wote wawili. Mlete mtoto Januari. Safari hii nimetaja mwezi, ili tusipotezane tena.'"

Shangazi alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtu mzima.

Tulizisoma zote. Zote zilikuwa na salamu, habari za kuku na migomba, kisha neno lile lile mwishoni. Januari. Januari. Januari. Ya mwisho ilikuja Novemba hii.

"'Nina miaka tisini na moja. Mwaka huu pia watanipeleka mtoni na kiti changu.'"

Nikakata tiketi mbili.

"Siwezi kumtazama," shangazi akasema.

"Utamtazama. Lugha yake ulininyima, kwa hiyo utakuja unitafsirie."

Na kweli, Januari ule mto ulikuwa unafika kwenye vifundo vya miguu. Maji meupe, mawe yanaonekana. Wilberth alitaka kutuvusha kwa gari, nikakataa. Nilivua viatu. Shangazi akavua vyake.

Ng'ambo, kivulini, kulikuwa na kiti cha plastiki. Juu yake, kibibi kidogo chenye nguo nyeusi.

Katikati ya maji shangazi akasimama, hatua ikamgomea. Nikamshika mkono nikamvuta, nusu kwa hasira, nusu kwa huruma.

Bibi alinitazama mimi kwanza. Akamtazama shangazi, akamshika mkono ule mwingine. Kisha akaangalia mto, akasema neno moja.

Shangazi akafungua mdomo anitafsirie.

"Acha," nikamwambia huku machozi yananitoka. "Hilo nalijua."

Verano.

Ndugu zangu, shangazi yangu alikosea neno moja. Hilo hata bibi alilisamehe mwaka ule ule. Lakini kwa woga wake tuliishi miaka ishirini na nne kama watu wenye maiti ndani ya nyumba, na msamaha ulikuwa ghalani kwetu, ndani ya sanduku la samaki.

Wewe unayesoma hapa, una ujumbe wa mtu unaogopa kuufungua. Ufungue leo.